Udongo Ulale Kwanza

Jumanne, kipindi cha nne, Stadi za Kazi.
Kitabu kimoja kwa watoto hamsini na tisa,
na ukurasa wa ufinyanzi umeliwa na mchwa.
Nikasema: fungeni madaftari, twendeni Ruchugi.

Tuliteremka Kasulu kwa njia ya mihogo,
wakubwa na majembe ya kwao,
Gwimo na ndoo yenye tundu, maana ndiyo aliyopewa.
Ilikuwa Mei. Mvua zimeaga,
mto umerudi kitandani mwake.

Mimi ni mtu wa Pangani; udongo niliujua
kwa methali tu. Nikapanda juu ya kichuguu,
nikakohoa kiualimu:
Udongo uwahi ungali maji!
Wakaitikia wote, kama wanavyoitikia kila kitu,
wakaingia topeni hadi magotini.

Lo, tope halijui methali.
Chungu cha Bukuru kilisimama kwa muda wa chafya moja,
kikaketi.
Cha Ntiruka kikaachama mdomo upande
kama mlevi mwenye jambo la kueleza.
Kila walichoinua kililala,
nami juu ya kichuguu nikazidi: haraka, haraka!

Ndipo nikamwona Nibigira.
Nibigira wa dawati la nyuma,
ambaye mbele ya jina lake, katika daftari la mahudhurio,
nimeandika kwa wino mwekundu: mzito.
Hakuingia topeni. Alikuwa kule kwenye matete,
anafukua ukingo kwa kijiti,
akashuka dhiraa nzima, hadi penye weusi wa kunguru.
Akachukua kipande, akakitia mdomoni.
Akatafuna. Akatema.
Akafukua tena. Akatafuna.
Hakutema.

"Mwalimu," akasema,
na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Januari,
"ule wenu una mchanga, unakwaruza hapa."
Akagusa jino.
"Ibumba ni hili. Ila leo halifinyangwi.
Linapondwa, linatolewa mizizi,
linafunikwa majani ya mgomba, linalala.
Mama anasema ukiliamsha mapema linanuna,
likinuna linapasuka motoni mbele za watu."

Linalala siku ngapi?

Akanitazama
kama nilivyozoea mimi kuwatazama wao.
"Mpaka likubali."

Tukalilaza.
Jumatano hesabu. Alhamisi hesabu,
lakini macho yote dirishani, kwenye kivuli cha ukuta,
kama nyumba yenye mtoto mchanga.
Ijumaa walileta vigae vya mitungi iliyokufa,
wakavitwanga unga, wakachanganya.
Cha zamani kimeshauona moto, alisema,
kitakiambia kipya kisiogope.

Jumatatu, chini ya miti, nje kabisa,
hakuna aliyepiga kelele.
Mikunjo ya udongo ikapanda duara juu ya duara,
vidole vikilowekwa, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo.
Nibigira alipita kati yao bila fimbo.
"Usikibane, hakikimbii."
Kwangu hakusema kitu. Alikizungusha tu chungu changu,
akakirudisha, akaenda zake.

Tulichoma kwa nyasi na magamba ya miti,
jioni, nyuma ya darasa.
Kila kilichopasuka walikihesabu kwa sauti.
Changu ndicho kilichotangulia. Walicheka hadi wakaketi chini,
nami nikacheka, nimechelewa kidogo.
Asubuhi, majivuni, tukavikuta ishirini na vitatu vizima.
Cha Gwimo kimepinda, lakini hakivuji,
na alikunywa maji yake humo mara nne kabla ya kengele.

Usiku ule nilichukua wembe
nikakwangua lile neno jekundu.
Wino ulikuwa umezama; karatasi ikatoboka.
Sasa ukifungua daftari langu, ukurasa wa Mei,
mbele ya jina lake kuna tundu,
na kupitia tundu unaona Juni,
ambako bado sijaandika kitu.